Berzelius: Kutoka matope ya kiwanda cha tindikali hadi protini ya ngano

MFUGAJI wa kuku anayesoma karatasi iliyoshonwa kwenye mfuko wa chakula cha mifugo hukuta kwanza asilimia ya protini, na chini kabisa, baada ya chuma, zinki, shaba na iodini, hukuta jina la seleniamu. Wengi huitazama protini kwa sababu ndiyo inayopanga bei ya mfuko. Seleniamu huipita tu, kwani kiasi chake ni kidogo mno, sehemu ya miligramu moja katika kilo nzima.

Majina hayo mawili, la juu na la chini, yametoka kwa mtu mmoja. Ni Jöns Jacob Berzelius, mkemia wa Uswidi aliyezaliwa mwaka 1779 na kufariki mwaka 1848. Seleniamu aliigundua ndani ya kiwanda ambacho yeye mwenyewe alikuwa na hisa. Neno protini alilipendekeza katika barua aliyomwandikia mkemia mwenzake wa Uholanzi. Jambo ambalo hakulijua hadi anaingia kaburini ni kwamba vitu hivyo viwili hukutana ndani ya punje ya ngano. Hilo lilikuja kufahamika zaidi ya miaka 80 baadaye, baada ya farasi na ng'ombe wa wakulima wa Marekani kudondosha kwato malishoni.

Yatima aliyelelewa na jamaa

Berzelius alizaliwa Agosti 20, 1779, katika kijiji cha Väversunda, mkoa wa Östergötland, kusini mwa Uswidi. Baba yake alikuwa mwalimu katika mji wa Linköping. Alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka minne. Mama yake akaolewa tena na mchungaji mmoja aliyekuwa na watoto wake, lakini naye hakukaa sana, akafariki. Baba huyo wa kambo alimtendea kijana vizuri na ndiye aliyeona mapema kwamba ana akili ya kuchunguza mambo. Alipooa mke mwingine, Jacob alipelekwa kwa mjomba wake, na huko hakuwa na raha. Alisoma huku akitafuta riziki kwa kufundisha watoto wa wenye nafasi, mashambani na mjini. Muda wake wa ziada aliutumia kuzunguka maporini akikusanya maua na wadudu.

Mwaka 1796 aliingia Chuo Kikuu cha Uppsala kusomea udaktari. Kemia ilikuwa sehemu ndogo tu ya masomo hayo, lakini ndiyo iliyomteka. Maabara ya chuo ilifunguliwa kwa wanafunzi kwa saa chache, naye hakuridhika nazo, hivyo alimhonga mtunza maabara ili aingie kwa mlango wa nyuma. Majira ya joto ya mwaka 1800 alipata kazi kwenye chemchemi ya Medevi, mahali ambapo wagonjwa walikwenda kunywa maji yaliyoaminika kuwa na dawa. Aliyapima maji hayo ajue yamebeba madini gani na kwa kiasi gani. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote: kuchukua kitu ambacho watu wanakitumia kila siku, kukitenganisha, na kupima uzito wa kila kilichomo.

Alihitimu mwaka 1802 na kuhamia Stockholm, ambako alipewa nafasi ya msaidizi katika chuo cha upasuaji. Nafasi hiyo haikuwa na mshahara. Alipata makazi katika nyumba ya Wilhelm Hisinger, tajiri mwenye migodi aliyependa sana elimu ya mawe. Mwaka 1803 wawili hao walitangaza kupata elementi mpya, seriamu, kutoka kwenye jiwe zito la mgodini. Mwaka huo huo Mjerumani Martin Klaproth naye alikuwa ameifikia bila wao kujua.

Biashara za siki na maji

Wafanyabiashara wadogo huenda wakamwelewa zaidi Berzelius kwa upande huu wa maisha yake, ambao vitabu vya shule huuruka. Kwa kuwa hakuwa na mshahara wa kutosha, aliingia ubia wa kutengeneza na kuuza maji ya madini, akitumia elimu aliyoipata Medevi. Baadaye akaingia katika kutengeneza siki. Alijua kemia ya siki kuliko mtu yeyote mjini, lakini kujua kutengeneza kitu na kujua kukiuza ni mambo mawili. Biashara hizo hazikwenda vizuri, zikamwachia madeni aliyoyalipa kwa miaka mingi.

Nafuu ilikuja mwaka 1807 alipofanywa profesa wa tiba na famasia mjini Stockholm. Mwaka 1808 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Sayansi cha Kifalme cha Uswidi, na mwaka 1810 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa taasisi ya udaktari ya Karolinska, ambayo bado ipo na inajulikana duniani kote.

Alipoanza kuandika kitabu cha kemia kwa wanafunzi wake, aligundua kwamba hakuna takwimu za kuaminika. Kila mtaalamu alikuwa na vipimo vyake kuhusu kiasi cha oksijeni kilichomo ndani ya kutu, au cha salfa ndani ya jiwe. Akaamua kupima upya mwenyewe. Ilimchukua miaka kumi hivi. Alichambua takriban vitu 2,000, na kufikia mwaka 1818 alikuwa ametoa jedwali la uzito wa atomi kwa elementi 45 kati ya 49 zilizokuwa zikijulikana. Ndiye pia aliyeanzisha mtindo wa kuziandika elementi kwa herufi za majina yao ya Kilatini, kama vile Fe kwa chuma na Cu kwa shaba. Herufi N, P na K kwenye mfuko wa mbolea zinafuata mtindo huo huo.

Kazi hiyo kubwa haikufanyika katika jumba la fahari. Maabara yake ilikuwa ni vyumba vya nyumbani, jirani na jiko la kupikia chakula. Hakukuwa na bomba la maji wala gesi. Aliyeosha vyombo, kutunza moto na kusaidia majaribio alikuwa Anna Sundström, mwanamke aliyeajiriwa kama mtumishi wa nyumbani na kukaa naye kuanzia 1808 hadi 1836. Alivijua vyombo na kemikali zote kwa majina, na wanafunzi wa kigeni waliokuja Stockholm walimwogopa kidogo. Leo wapo wanaomhesabu kuwa mwanamke wa kwanza mkemia nchini Uswidi, ingawa wakati huo jina lake halikuandikwa kwenye ripoti yoyote.

Matope mekundu

Mwaka 1816 Berzelius, pamoja na rafiki yake Johan Gottlieb Gahn, mtaalamu mkongwe wa migodi, walinunua hisa katika kiwanda cha kemikali huko Gripsholm, magharibi mwa Stockholm. Bidhaa yake moja muhimu ilikuwa tindikali ya salfa. Tindikali hiyo ilitengenezwa kwa kuchoma salfa na kuupitisha moshi wake katika vyumba vilivyozungushiwa bati za risasi.

Kiwanda kilikuwa na tatizo. Kila kilipotumia salfa ya mgodi wa Falun, mgodi maarufu wa shaba, sakafuni mwa vyumba vya risasi palibaki matope mekundu. Salfa kutoka kwingine haikuacha matope hayo. Ilidhaniwa kuwa ni aseniki, ambayo ni sumu kali, kwa hiyo salfa ya Falun ikawa inaepukwa. Kwa mwenye hisa hilo ni suala la fedha: malighafi ya nchini inakataliwa kwa sababu ya uchafu ambao hakuna aliyeupima.

Mwaka 1817 Berzelius na Gahn waliyachoma matope hayo. Yakatoa harufu kali, kama ya mzizi unaotwangwa Ulaya kutengeneza kiungo kinachochoma pua mithili ya haradali. Harufu hiyo, kwa mujibu wa vitabu vya wakati huo, ilikuwa alama ya teluriamu. Wakaamini wamepata teluriamu, na Berzelius akawaandikia wenzake wa nje kuwaarifu. Lakini hakutulia. Alichukua sampuli nyumbani Stockholm, akajaribu kuitoa hiyo teluriamu peke yake, na hakuipata. Mwanzoni mwa 1818 alikiri kwamba alikosea: kilichokuwa ndani ya matope ni elementi mpya kabisa. Kwa kuwa teluriamu ilipewa jina la ardhi kwa Kilatini, yeye aliiita mpya seleniamu, kutokana na jina la mwezi kwa Kigiriki.

Uchunguzi huo ulikaribia kumgharimu. Alipotengeneza gesi ya seleniamu na haidrojeni, kiasi kidogo sana kilimwingia puani. Kwa saa kadhaa hakuweza kunusa kitu chochote, hata amonia kali, na kikohozi kilimtesa kwa siku nyingi. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuijua seleniamu alikuwa pia wa kwanza kuonja ukali wake.

Katika maelezo yake aliandika jambo ambalo lina uzito mkubwa kwa kilimo, ingawa yeye alilitazama kama mkemia tu. Alionyesha kwamba seleniamu inafanana mno na salfa. Inaungana na vitu vile vile na kwa namna ile ile, isipokuwa ni nzito zaidi. Uzito wa atomi yake alioupima ulikaribia sana ule unaotumika leo, ambao ni kama mara 79 ya haidrojeni. Salfa ni mara 32.

Jina la protini

Baada ya hapo heshima zilimwagika. Mwaka 1818 alipewa daraja la ukabaila na kufanywa katibu wa kudumu wa Chuo cha Sayansi, kazi aliyoishika hadi kufa. Alitenga silikoni, akapata thoriamu, na kila mwaka alitoa ripoti ya maendeleo ya kemia iliyosomwa Ulaya nzima. Alioa akiwa na umri wa miaka 56, mwaka 1835, na siku ya harusi mfalme alimpandisha kuwa baroni. Bibi harusi, Elisabeth Poppius, alikuwa na miaka 24. Mwaka uliofuata Anna Sundström aliacha kazi.

Mwaka 1838 alikuwa akiandikiana barua na Gerardus Johannes Mulder, mkemia wa Uholanzi. Mulder alikuwa amechambua ute wa yai, nyuzinyuzi za damu, hariri, na ile sehemu ya ngano inayonata. Mama yeyote anayekanda chapati anaifahamu sehemu hiyo: ndiyo inayofanya donge livutike bila kukatika, na ukiliosha donge kwenye maji hadi wanga wote uondoke, hubaki kitu kama mpira. Kitaalamu huitwa gluteni. Mulder alishangaa kuona kwamba vitu hivyo vyote, vya mnyama na vya mmea, vina kaboni, haidrojeni, naitrojeni na oksijeni kwa viwango vinavyokaribiana.

Mnamo Julai mwaka huo Berzelius alimwandikia kumpendekezea jina. Kwa maoni yake, hiki kilikuwa ndicho chakula cha kwanza na cha msingi cha wanyama. Mimea hukitayarisha, wanyama wala majani hukila, kisha huwapatia wanyama wala nyama. Akachukua neno la Kigiriki lenye maana ya kushika nafasi ya kwanza, na ndivyo protini ilivyopata jina. Mulder alilitumia mwaka huo huo.

Hapo kulikuwa na kosa, na si dogo. Mulder aliamini kuna kiini kimoja tu cha protini, na kwamba tofauti kati ya yai na ngano inatokana na salfa na fosforasi kidogo zilizobandikwa pembeni. Wakemia wa Ujerumani wakiongozwa na Justus von Liebig waliipinga nadharia hiyo katika miaka ya 1840, na kweli haikusimama. Protini ni maelfu kwa maelfu, kila moja na mpangilio wake. Salfa nayo haijabandikwa pembeni, bali imo ndani ya viungo viwili vya protini, na kimoja chake ni methionini, ile ile ambayo watengenezaji wa chakula cha kuku huinunua kwa bei ghali.

Uzeeni Berzelius aligeuka mgumu. Aliyekuwa mwepesi wa kukiri kosa la teluriamu sasa alizitetea nadharia zake za zamani kuhusu umeme na viungo vya kemikali hata pale ushahidi wa vijana wa Ufaransa na Ujerumani ulipomlemea. Marafiki wakapungua, Liebig akiwa miongoni mwao. Alifariki mjini Stockholm Agosti 7, 1848, akiwa amekaribia miaka 69, na akazikwa Solna.

Mmea unaokosea

Kwa muda mrefu seleniamu ilibaki kuwa kitu cha viwanda vya vioo na umeme. Wakulima waliifahamu kwa njia mbaya. Mwaka 1856, katika eneo ambalo sasa ni jimbo la South Dakota, Marekani, daktari wa jeshi aliona farasi wa kambi wakipoteza manyoya ya shingo na mkia, kisha kwato zikijitenga na mguu. Walowezi waliofuata waliona hayo kwa ng'ombe, na kuku waliolishwa nafaka ya mashamba hayo walitaga mayai yasiyoangua. Walidhani ni maji ya chumvi chumvi, wakachimba visima vingine, na mifugo ikaendelea kufa.

Ni katika miaka ya 1930 ambapo wakemia wa kituo cha kilimo cha jimbo hilo waligeukia nafaka yenyewe. Waliigawa ngano ya mashamba hayo katika sehemu zake na kuwalisha panya sehemu moja moja. Sehemu ya wanga haikuwadhuru. Sumu ilikuwa ndani ya protini, ile gluteni ya Mulder, na ndani yake ilikuwemo seleniamu iliyotoka kwenye udongo. Kuiosha hakukuiondoa.

Sababu ni ule mfanano ambao Berzelius aliuandika mwaka 1818. Mzizi wa mmea haujui kutofautisha vizuri salfa na seleniamu. Huivuta seleniamu kwa milango ile ile inayovuta salfa, kisha mmea unapojenga methionini huichomeka seleniamu mahali pa salfa. Inatokea selenomethionini, na protini hujengwa nayo kana kwamba hakuna kilichobadilika. Ngano na mahindi havina mtambo maalumu wa kutengeneza protini zinazohitaji seleniamu. Vinakosea tu.

Wanyama na binadamu hawakosei, wao wanaihitaji. Mwaka 1957 Klaus Schwarz na Calvin Foltz walionyesha kwamba seleniamu kidogo sana huwakinga panya na ugonjwa wa kufa kwa ini. Mwaka 1973 ilithibitika Marekani kwamba kimeng'enya kimoja kinacholinda seli za damu kina seleniamu ndani yake. Kufikia mwaka 2003 zilikuwa zimetambuliwa jeni 25 za binadamu zinazoongoza utengenezaji wa protini za aina hiyo. Ndama na wanakondoo wanaokosa madini haya hupata ugonjwa wa misuli kuwa myeupe na kushindwa kusimama. Nchini China, katika wilaya ya Keshan na nyingine zenye udongo maskini, watoto na akina mama walikufa kwa moyo kudhoofika.

Nafasi kati ya dawa na sumu ni nyembamba. Mifugo mingi huhitaji miligramu 0.1 hadi 0.3 katika kilo ya chakula, na ikifika miligramu 5 kwa muda mrefu dalili za South Dakota huanza. Mtu mzima huhitaji takriban maikrogramu 55 kwa siku, na haishauriwi avuke 400. Ndiyo maana kumwaga chumvi ya seleniamu shambani kwa kukadiria, kama baadhi ya watu wanavyokadiria mbolea kwa kizibo cha soda, ni hatari.

Kupima kilichomo ndani ya punje

Mazao yaliyorutubishwa kwa seleniamu yana swali jingine ambalo mnunuzi hawezi kulijibu kwa macho. Kipimo cha kawaida kinasema kilo ya unga ina kiasi fulani cha seleniamu, basi. Hakisemi iko wapi. Inaweza kuwa chumvi iliyoganda juu ya jani baada ya kunyunyiziwa, au iliyochanganywa na unga kinuni, au iliyojengwa ndani ya protini. Ya ndani ya protini ndiyo mwili huifyonza vizuri na kuweka akiba, na kwa ng'ombe na kuku ndiyo inayopita kwa wingi kwenda kwenye maziwa na mayai.

Maabara za leo hutenganisha kwanza. Protini hutolewa kwenye unga kwa kimiminika chepesi, kisha hupitishwa katika mrija uliojazwa vijipunje vyenye matundu madogo. Protini kubwa hupita haraka kwa kuwa haziingii kwenye matundu. Ndogo huingia na kutoka, zikachelewa. Ni sawa na sokoni: mwenye mzigo mkubwa kichwani hunyoosha njia, mtoto mikono mitupu huingia kila duka. Kila kinachotoka mrijani huingizwa katika mashine yenye mwale wa maelfu ya nyuzi za joto, unaovunja kila kitu kuwa atomi, na atomi hizo hupangwa kwa uzito. Seleniamu ya asili ina atomi za uzito wa aina sita, kati ya 74 na 82, ile ya 80 ikiwa karibu nusu. Mchanganyiko huo ni kama alama ya chapa ya ng'ombe. Protini ikitoka mrijani pamoja na alama hiyo, wataalamu hujua wapi pa kutazama.

Hata hivyo hawaishii hapo, maana seleniamu inaweza kuwa imenata tu juu ya protini. Protini hiyo hukatwakatwa kwa vimeng'enya, si kwa tindikali, kwa sababu tindikali huiharibu selenomethionini na kuleta jibu la uongo. Vipande vikitoa selenomethionini, ndipo inaaminika kwamba imejengwa ndani.

Tofauti kati ya mazao ni kubwa. Katika ngano na mahindi sehemu kubwa ya seleniamu hukaa ndani ya protini, na kwa vile katika ngano imesambaa pamoja na gluteni, kukoboa huipunguza kidogo kuliko inavyopunguza chuma na zinki, ambazo hujikusanya kwenye pumba. Kitunguu saumu huiweka zaidi katika viungo vidogo visivyo protini. Hivyo mzani ukionyesha kiasi sawa cha seleniamu, mnunuzi wa ngano na wa kitunguu saumu hawajanunua kitu kimoja.

Udongo nao una neno lake. Nchini Malawi, ambako mahindi ndiyo chakula kikuu, utafiti umeonyesha kwamba watu wengi wana upungufu wa seleniamu, isipokuwa katika bonde la chini la mto Shire, ambako udongo mweusi usio na uchachu huiachia kwa urahisi na mahindi yake huwa nayo nyingi zaidi. Mwaka 2019 familia huko Malawi zilipewa unga wa mahindi yaliyowekewa mbolea yenye seleniamu, na kiwango chake katika damu ya wanawake na watoto kikapanda.

Jirani ya Berzelius, Ufini, ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Udongo wake ni maskini wa seleniamu, na katikati ya miaka ya 1980 serikali iliagiza mbolea za viwandani ziwekewe: miligramu 16 kwa kilo ya mbolea ya nafaka na 6 kwa ya majani ya malisho. Kila mwaka unga, maziwa, nyama na damu za watu zilipimwa. Mwaka 1990 ilionekana imezidi mahitaji, mbolea zote zikashushwa hadi miligramu 6. Mwaka 1998 zikapandishwa hadi 10, na mwaka 2007 hadi 15.